Kliniki ya wajawazito yenye foleni ndefu: shika kadi yako uisome

Swali: Shikamoo. Nina mimba ya kwanza, wiki ya 11 nikihesabu tangu hedhi ya mwisho. Natakiwa kuanza kliniki kwenye hospitali kubwa ya mjini, na kila ninayemuuliza ananitisha: utakaa kutwa nzima, utapimwa dakika mbili, kila ukienda unakutana na mtu mpya asiyekujua, ukiuliza sana unafokewa. Wengine wananishauri nisubiri tumbo lionekane ndipo niende. Nitegemee nini hasa, na nifanyeje nisiishie kuwa namba tu kwenye foleni?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, na hongera. Waliokutisha hawajakudanganya sana. Mimi ni mkunga, nimefanya kazi kwa zaidi ya miaka 20, na mingi ya miaka hiyo imeishia kwenye kliniki za namna hiyo hiyo. Utakaa sana. Utapimwa haraka. Na atakayekupokea safari ya kwanza huenda usimwone tena mpaka unajifungua. Walichosahau kukwambia ni kwamba kliniki yenye watu wengi haikumbuki sura ya mtu, inakumbuka kadi. Kila anayekushika anasoma alichoandika mwenzake, anaongeza mstari wake, anakuruhusu uende. Kwa hiyo habari nzima ya mimba yako, tangu mwanzo hadi mwisho, ipo sehemu mbili tu: kwenye kadi na kichwani mwako. Ukijua kuisoma hiyo kadi, dakika tano za chumba cha kupimia zinatosha mambo mengi.

Kwanza hilo la kusubiri tumbo lionekane. Usisubiri. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe ndani ya wiki 12. Zamani tulikuwa tunahesabu mahudhurio 4, ikaonekana watoto wanaopotea tumboni au muda mfupi baada ya kuzaliwa ni wengi kuliko inavyopaswa, hesabu ikapandishwa. Wiki zenyewe ni ya 12, 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Ukiziangalia utaona mwanzoni zimeachana sana, mwishoni zinabanana kila baada ya wiki mbili. Ni kwa sababu presha ya mimba, mtoto kutokukua vizuri na mtoto kukaa vibaya ni mambo yanayojitokeza zaidi mimba ikishakuwa kubwa. Wengi huwa wanafanya kinyume: wanahudhuria kwa bidii mwanzoni, halafu wiki ya 36 wanachoka na foleni, wanasema si nimebakiza kidogo tu. Hapo ndipo tunapowahitaji zaidi.

Wewe uko wiki ya 11, na hiyo ni bahati usiyoijua, kwa sababu ya tarehe. Nikupe hesabu tunayoitumia: chukua siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi 3. Kama ilianza tarehe 10 Machi, makadirio ni tarehe 17 Desemba. Ni kama siku 280. Hesabu hiyo inakubali kwa mtu mwenye mzunguko wa siku 28 unaokwenda bila kuyumba, na anayekumbuka tarehe. Kwa wengine inakosea, na kinachoisahihisha ni ultrasaundi ya mapema. Mtoto wa wiki 11 au 12 hupimwa urefu wake kutoka kichwani hadi makalioni, na katika umri huo watoto wote wanalingana karibu sawa, kwa hiyo kipimo kinakosea kwa siku chache tu, tano hadi saba hivi. Ukipimwa wiki ya 34 kipimo kinaweza kukosea kwa wiki tatu, maana hapo kila mtoto ameshashika mwili wake: yupo mnene, yupo mwembamba.

Nasisitiza hili kwa kuwa nimeona fujo yake mara nyingi. Mama anakuja na karatasi tatu za ultrasaundi, kila moja na tarehe yake ya kujifungua, na anataka kujua ipi ya kweli. Jibu ni ile ya mwanzo. Zile za baadaye zinamwangalia mtoto anavyokua, maji yake, kondo la nyuma lilipojishikiza, hazikuhamishii tarehe. Ukipata moja mapema, omba tarehe iandikwe juu ya kadi, waziwazi, na mtu akitaka kuibadilisha baadaye muulize kwa nini. Tarehe hiyo ndiyo itakayoamua kama mtoto amewahi au amechelewa, kama amedumaa au ni wa umri wake, na kama siku ya 10 baada ya makadirio unahitaji kuanzishiwa uchungu. Na usiifunge moyoni kama tarehe ya harusi. Wanaojifungua siku yenyewe ni wachache mno.

Sasa siku ya kwanza. Ndiyo ndefu kuliko zote, na siku zinazofuata hazitakuwa hivyo. Utaandikishwa, mara nyingi kutakuwa na somo la pamoja kwa wote waliofika, utapimwa uzito, urefu na presha, utatoa mkojo na damu, ndipo uingie kwa mkunga. Muda mwingi hauliwi na kupimwa, unaliwa na kuhama kutoka meza hadi meza na kusubiri majibu ya maabara. Uliza tangu siku hiyo ni siku gani za wiki watu hupungua, maana zipo. Na wahudumu huwa wanazijua ila hakuna anayewauliza. Kula kabla ya kutoka nyumbani isipokuwa umeambiwa uende na njaa kwa ajili ya kipimo, beba maji, na ukihisi kizunguzungu usione haya kukaa chini au kumwambia aliye jirani akushikie nafasi.

Mkunga atakuuliza maswali ambayo mengine utaona hayana uhusiano. Umewahi kupata mimba ikaharibika au kutolewa? Umewahi kufanyiwa upasuaji? Unatumia dawa gani, hata za asili? Mama yako au dada zako wana sukari, presha, wamezaa mapacha? Jibu ukweli, hata lile la mimba ya zamani ambayo nyumbani hawaijui. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi hudhani methali ile aliitunga mkunga. Kama kuna mtu uliyeongozana naye na hutaki asikie, sema unataka kuulizwa ukiwa peke yako. Hilo ni haki yako na halihitaji maelezo.

Damu yako itapimwa mambo kadhaa kwa mpigo. Wingi wa damu: chini ya gramu 11 kwa desilita tunaita upungufu, chini ya 7 ni hatari inayohitaji kushughulikiwa haraka. Kundi la damu, na kama ni chanya au hasi. Virusi vya Ukimwi, kaswende, homa ya ini ya aina B. Watu huogopa kipimo cha VVU kuliko vyote, na naielewa hofu hiyo, lakini hapa ndipo kliniki inapofanya kazi yake kubwa kabisa. Mama mwenye virusi asipotibiwa, uwezekano wa kumwambukiza mtoto ni kati ya asilimia 15 na 45, kwa mimba, uzazi na kunyonyesha. Akitumia dawa vizuri, unashuka chini ya asilimia 5. Kaswende nayo huua watoto tumboni kimyakimya, wakati tiba yake ni sindano ya penisilini. Mwenzako naye apimwe. Kutibiwa wewe peke yako halafu ukarudi kuambukizwa ni kazi bure.

Kuhusu kundi la damu, angalia herufi na alama. Ukiwa hasi na baba wa mtoto ni chanya, mtoto anaweza kuwa chanya, na damu yake ikichanganyika na yako mwili wako hutengeneza askari wa kuishambulia. Mimba ya kwanza kwa kawaida husalimika. Ya pili ndiyo huumia. Kuna sindano inayozuia hilo, hutolewa karibu na wiki ya 28 sehemu nyingi, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto chanya, au baada ya mimba kuharibika au kutokwa damu. Kwenye wodi yenye watu wengi, saa 72 hupita kama upepo. Kama kadi yako ina alama ya kutoa, wewe ndiye utakayeikumbusha wodi.

Kuna jambo linalowaogopesha wengi wa mimba ya kwanza ambalo nilimalize upesi: kwenye mahudhurio ya kawaida hakuna sababu ya kupimwa kwa ndani kila ukienda. Likihitajika, lazima uelezwe kwa nini na ukubali.

Kuanzia mahudhurio ya pili mambo yanakuwa mafupi, na hapa ndipo malalamiko ya dakika mbili yanapoanzia. Ninataka uone kinachofanyika ndani ya dakika hizo.

Presha. Unatakiwa uwe umekaa, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, kibofu kitupu, mkono umelala usawa wa moyo, na umepumzika walau dakika tano. Kwenye kliniki iliyojaa, mtu anaitwa namba yake, anakimbia ngazi, anakaa, anafungwa mkanda huku anajibu simu. Kipimo hicho hupanda bure. Kikitoka 140 kwa 90 au zaidi usianze kulia, sema umetoka kupanda ngazi, omba kurudiwa ukishatulia. Lakini kikirudiwa na bado kiko juu, kichukulie kwa uzito. Na 160 kwa 110 hurudi nacho nyumbani.

Mkojo. Wanatafuta protini hasa, na sukari na dalili za maambukizi. Kijiti kinachochovywa kina visanduku vya rangi. Kile cha protini huwa cha njano na hugeuka kuelekea kijani kadiri protini inavyozidi, ndani ya kama dakika moja. Kinga mkojo wa katikati: anza kukojoa kidogo, kisha weka kikopo, umalizie nje. Ute wa ukeni ukiingia kwenye kikopo, kijiti kinaweza kuonyesha protini ambayo haitoki kwenye figo zako.

Tumbo. Mkunga atatafuta kwa vidole mwisho wa juu wa mfuko wa uzazi, kisha atashusha futi kamba hadi kwenye mfupa wa kinena. Wiki ya 20 mfuko huwa umefika karibu na kitovu. Kuanzia wiki ya 24 sentimita na wiki hukaribiana: wiki ya 30 tunategemea 30, kupungua au kuzidi mbili au tatu si neno. Mkunga makini anaigeuza futi kamba, upande usio na namba ndio unaoangalia juu, apime kwanza kisha ndipo aigeuze asome. Akiziona namba kabla, jicho linamvuta kwenye namba anayoitaka. Wanafunzi wangu huwa wanacheka nikiwaambia hivyo, mpaka wajaribu.

Halafu mapigo ya moyo ya mtoto. Kama wana dopla, kile kimashine cha kusikilizia, utayasikia mwenyewe, kama farasi anayekimbia. Kama wanatumia kile kipembe cha kusikilizia, kilichobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, hutasikia kitu, na si kwamba mtoto hayupo. Utaona mkunga ameinama, sikio limebana kwenye kipembe, mkono ameuachia, vidole viko kwenye kifundo cha mkono wako. Anahesabu mapigo yako na ya mtoto kwa wakati mmoja, asije akaandika yako akidhani ni ya mtoto. Ya mtoto huwa kati ya 110 na 160 kwa dakika. Chumba kikiwa na makelele atawanyamazisha watu kwa ukali. Huo ukali samehe. Anakutafutia mtoto wako.

Ukilala chali wakati tumbo ni kubwa ukahisi kichefuchefu au giza machoni, sema hapo hapo na ulalie ubavu wa kushoto. Tumbo linakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Ukigeuka huisha.

Kwa nini nasema kadi isomwe yote na si mstari wa mwisho peke yake? Nikusimulie jambo lililonifundisha. Mama mmoja wa mimba ya kwanza aliingia chumbani kwangu wiki ya 34, mchana, nimeshapima watu wengi kiasi kwamba macho yalikuwa yanaruka mistari. Presha yake siku hiyo 138 kwa 88. Chini ya mpaka. Mkojo haukuwa umepimwa, kwa kuwa foleni ya choo ilimshinda akaona aruke. Nilishainua kalamu niandike "kawaida". Alipokuwa anashuka kitandani akaniuliza, kwa sauti ya kuomba radhi, kama kichwa kinachouma siku ya tatu kinaweza kuwa cha joto. Nikarudi kwenye kadi. Wiki ya 12 alikuwa 104 kwa 62. Wiki ya 20, 112 kwa 70. Wiki ya 30, 126 kwa 82. Mikono mitatu tofauti, kalamu tatu, na kila mmoja ameandika kawaida, na kila mmoja alikuwa sahihi kwa siku yake. Hakuna aliyeisoma ngazi. Tulimpeleka akatoe mkojo, kijiti kikageuka kijani iliyokolea. Presha iliporudiwa baada ya kupumzika ilikuwa 152 kwa 98. Alilazwa siku hiyo hiyo, na kabla wiki haijaisha madaktari walimzalisha kabla presha ya mimba haijamfikisha kwenye kifafa. Yeye na mtoto walitoka wazima. Nilichobaki nacho mimi ni kwamba kama asingeuliza lile swali dogo, ningemruhusu aende.

Kwa hiyo ukishatoka chumbani, kabla ya kutafuta usafiri, kaa kwenye benchi dakika mbili ufungue kadi. Presha ya leo na zile za nyuma: zinapanda, au zinacheza pale pale? Sentimita za tumbo zimeongezeka tangu safari iliyopita? Mkojo umeandikwa au pamebaki wazi? Majibu ya damu yapo yote? Pakiwa wazi, rudi mlangoni uulize. Hilo hawakufokei wengi, kwa sababu ni swali lenye jibu fupi na wanajua walipopungukiwa. Piga na picha ya kila ukurasa kwa simu. Kadi hulowa, hupotea, husahaulika nyumbani siku ya uchungu.

Kuhusu kufokewa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: hutokea. Mimi mwenyewe nimewahi kumjibu mtu vibaya, saa nane mchana, na nikaiona sura yake ikifungwa kama dirisha. Hakuuliza tena kitu mpaka akajifungua. Sina cha kujitetea. Linalosaidia kwa upande wako ni kuuliza mapema na kwa ufupi. Andika maswali mawili au matatu, lililo zito lianze, na uliseme unapokaa, usingoje umeshafika mlangoni. Badala ya kusema "sijisikii vizuri", sema "kichwa kinauma tangu juzi, paracetamol haikukituliza". Mtu aliyechoka anaisikia sentensi ya namna hiyo. Na ukipewa kidonge au kipimo bila maelezo, "hii ni ya nini?" ni swali halali kabisa. Mtu akikukosea heshima kabisa kabisa, mwone msimamizi wa kliniki. Yupo kila hospitali.

Ikiwa ni hospitali ya kufundishia, utaombwa wanafunzi wakupime. Unaweza kukataa na huduma yako isipungue. Ila nikunong'oneze: mwanafunzi ndiye mtu pekee mle ndani asiye na haraka. Wamewahi kunionyesha vitu nilivyokuwa nimevipita.

Vidonge. Utapewa vya madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki, kimoja kwa siku, mimba nzima. Choo kitakuwa cheusi, si damu. Tumbo linaweza kufunga au kuleta kichefuchefu. Kinywe usiku unapolala, na usikishushie na chai au kahawa kwa kuwa zinazuia chuma kuingia mwilini. Kikikushinda kabisa, sema ubadilishiwe, usikifiche kabatini ukaniambia umemaliza. Damu inakuumbua. Chanjo ya pepopunda: kama hujawahi kuchanjwa, ni sindano mbili zinazoachana kwa wiki 4 au zaidi, ya pili iwe imepita walau wiki mbili kabla ya kujifungua. Mahali penye malaria kuna vidonge vya kinga vinavyoanza mimba ikishavuka miezi mitatu, vikiachana kwa mwezi au zaidi. Kipimo cha sukari ya mimba hufanyika wiki ya 24 hadi 28. Hapo ndipo huwa unaenda na njaa, unanyweshwa maji ya glukosi, na kubaki kliniki kwa muda wa saa mbili. Panga siku hiyo usiwe na jingine.

Mtoto kucheza ni kipimo chako wewe, hakuna anayeweza kukupimia. Kwa mimba ya kwanza huanza kuhisiwa wiki ya 18 hadi 22 hivi, kama povu au mtekenyo. Baada ya wiki ya 28 utamjua: yupo anayeamka usiku, yupo wa baada ya chakula. Usihesabu za mtoto wa jirani, jua za wako. Siku akipunguza kucheza kuliko kawaida yake, nenda siku hiyo hiyo, hata kama kliniki yako ni kesho. Utasikia watu wakisema mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia. Si kweli. Anabadili namna ya kujinyoosha kwa kuwa nafasi imebana, lakini hapunguzi.

Na kuna mambo ambayo hayapangi foleni. Kutokwa damu ukeni, hata bila maumivu. Kichwa kikali kisichotulia, kuona nyota au ukungu, maumivu makali chini ya mbavu upande wa kulia, uso na mikono kuvimba ghafla. Maji kuvuja. Homa. Kutapika kusikobakiza hata maji. Kuanguka kifafa. Kwa yoyote kati ya hayo usichukue namba ukakaa. Nenda moja kwa moja kwa muuguzi wa kwanza unayemwona, mtamkie dalili na wiki ya mimba. "Nina wiki 32, natokwa damu." Maneno hayo yanafungua njia kwenye hospitali yoyote iliyojaa, na wenzako kwenye benchi watakupisha kabla hata hujaomba.

Wiki ya 36 watataka kujua mtoto amelalaje. Wiki ya 28 watoto wengi kidogo huwa wametanguliza matako na tunawaacha tu. Wengi hugeuka wenyewe, na wanaobaki hivyo mimba ikikomaa ni 3 au 4 katika kila 100. Akiwa mmoja wao, uliza kama hospitali yako ina daktari wa kumgeuza kwa mikono juu ya tumbo, jambo linalofanyika kuanzia wiki ya 37, kabla ya kuzungumzia upasuaji. Siku hiyo hiyo zungumza utajifungulia wapi, nani ataongozana nawe, na kama anaruhusiwa kuingia leba. Hospitali hutofautiana sana kwa hilo.

Na kabla hujaondoka siku hiyo ya wiki ya 36, fanya kitu kimoja ambacho karibu hakuna anayekifanya. Muombe mtu akuonyeshe mlango wa wodi ya wazazi, ule unaofunguliwa usiku. Kwenye hospitali kubwa mara nyingi si mlango wa kliniki, na wakati mwingine hauko hata kwenye jengo lile lile. Tembea kutoka getini mpaka hapo, na atakayekuleta usiku awe nawe, ajue gari linasimama wapi. Nimepokea akina mama waliozunguka jengo zima saa tisa usiku, uchungu umeshika, wakigonga mlango wa kliniki waliyoizoea kwa miezi sita, kumbe umefungwa tangu jioni.